Chagua ng'ombe atakayezeeka zizini mwako

Ukienda kununua ng'ombe wa maziwa hapa Dodoma, iwe Veyula, Chihanga au Makutupora yenyewe, swali la kwanza ni lile lile: "Anatoa lita ngapi?" Muuzaji anajibu kumi na tano, mnapatana bei, ng'ombe anapakiwa kwenye gari. Ni nadra mtu kuuliza amezaa mara ngapi, mama yake alizaa mara ngapi, au dada zake wameishia wapi. Mwongozo huu ni wa maswali hayo ya pili. Nyanda zetu hupata mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, kisha unafuata ukame wa miezi saba. Katika nchi kama hii, ng'ombe anayemlipa mfugaji ni yule anayefika uzao wa sita na wa saba kiwele kikiwa kizima na miguu ikimbeba.

Tupige hesabu. Chukua ng'ombe wawili, wote wamezaa kwa mara ya kwanza wakiwa na miezi 36. Wa kwanza ana wastani wa lita 15 kwa siku 300 za kukamuliwa, yaani lita 4,500 kwa uzao mmoja. Ana mwili mkubwa, joto la Oktoba linamtesa, hashiki mimba upesi, na kati ya uzao na uzao inapita miezi 18. Baada ya uzao wa pili kiwele kinaharibika, anakwenda machinjoni akiwa na miaka mitano na miezi kadhaa. Ameacha lita 9,000 na ndama wawili. Wa pili ana wastani wa lita 10, lita 3,000 kwa uzao, anazaa kila miezi 14, na anazaa mara saba. Anaondoka akikaribia miaka 11. Ameacha lita 21,000 na ndama saba. Gawanya maziwa yote kwa siku zote za maisha, tangu siku aliyozaliwa: wa kwanza ametoa lita 4.6 kwa kila siku aliyoishi, wa pili lita 5.3. Yule wa kujivunia mbele ya majirani ndiye aliyetoa kidogo.

Na hapo hatujagusa gharama ya kumkuza. Mtamba hula miaka mitatu bila kukupa hata kikombe. Gharama hiyo unaigawa kwa lita 9,000 au kwa lita 21,000, na tofauti utaiona mfukoni. Hatujagusa ndama pia. Nusu ya ndama huzaliwa madume. Ng'ombe anayezaa mara mbili amekupa jike mmoja kwa wastani, na jike huyo akifa kwa ndigana umerudi sokoni na pesa mkononi. Anayezaa mara saba amekupa majike watatu au wanne. Hapo ndipo uchaguzi unapoanza: unabaki na yule bora, unauza wengine. Mfugaji asiye na mitamba wa kuchagua hawezi kuboresha kizazi, hata atumie mbegu ya bei gani. Makutupora ni nchi ya zabibu, na hakuna mkulima hapa anayeng'oa mzabibu baada ya mavuno mawili kwa kuwa jirani ameonyesha vichala vikubwa zaidi. Zizini tunafanya hivyo kila mwaka.

Kinachomwondoa ng'ombe mapema

Kabla ya kuchagua damu, jua kinachowatoa ng'ombe zizini. Kwetu ni mambo machache yanayojirudia: kutoshika mimba, ugonjwa wa kiwele, kwato na miguu, magonjwa ya kupe, na njaa ya Septemba hadi Novemba inayofungua mlango kwa hayo yote. Kuna pia ada ya shule na msiba, ambapo ng'ombe mzima anauzwa kwa shida ya pesa. Hilo halina dawa ya kitaalamu isipokuwa kuwa na dume wa kuuza kabla ya jike.

Maisha marefu ya ng'ombe hurithiwa kidogo. Katika tofauti za umri wa kukaa zizini kati ya ng'ombe na ng'ombe, takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo inayotoka kwenye damu. Kwa wingi wa maziwa ni kama sehemu tatu za kumi. Wengi wakisikia hivyo husema basi damu haina maana, tushughulike na majani tu. Mimi sikubaliani nao. Sehemu ile moja ni yako daima. Majani unayanunua upya kila mwaka, lakini binti wa dume mzuri akizaa, mjukuu anaanzia pale binti alipofika. Ila, kwa kuwa urithi ni mdogo, huwezi kuuona kwa kumtazama ng'ombe mmoja. Unaonekana kwa dume mwenye mabinti wengi waliofuatiliwa kwa miaka. Ndiyo maana uchaguzi wa dume, na hasa wa mbegu, ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika mwongozo huu.

Damu ya kigeni, kiasi gani?

Kosa linaloua ng'ombe wengi Dodoma ni kupanda ngazi bila kusimama. Mtu ana ng'ombe wa Kigogo, anamhimilisha kwa Friesian, anapata chotara wa nusu kwa nusu anayetoa maziwa mazuri na kustahimili jua. Anafurahi, anaweka Friesian tena, anapata robo tatu. Anaweka Friesian tena. Kufika kizazi cha nne ana mnyama mwenye rangi ya kalenda na mapafu yasiyoweza mchana wa Novemba. Cunningham na Syrstad, waliokusanya matokeo ya uchotara kutoka nchi nyingi za joto katika kitabu cha FAO cha mwaka 1987, walionyesha kuwa maziwa hupanda vizuri hadi damu ya kigeni ifike nusu. Baada ya hapo faida hupungua au hukoma, na uzazi huanza kuyumba. Wabrazil walilielewa hilo mapema wakajenga ng'ombe wao wa Girolando, wenye sehemu tano za nane za Holstein na tatu za Gir.

Sisi tuna wetu, karibu kabisa. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905 na leo ni sehemu ya taasisi ya utafiti wa mifugo nchini, TALIRI, kilianza miaka ya 1930 na 1940 kutafuta ng'ombe wa nchi kavu. Walichanganya Red Sindhi na Sahiwal kutoka bara Hindi, zebu wa hapa na Boran, na kidogo cha damu ya Ulaya kama Ayrshire. Kufikia 1958 ng'ombe wa Mpwapwa alitambuliwa kama aina kamili. Hatoi maziwa ya Friesian na hakuumbwa kwa hilo. Aliumbwa azae na akamuliwe mahali penye mvua kama yetu. Inasikitisha kuona wafugaji wa wilaya za jirani wakiagiza mitamba kutoka nyanda za baridi za Kusini huku damu hiyo ikibaki ya wachache.

Kwa mfugaji mdogo wa Makutupora mwenye ng'ombe wawili hadi watano, mpango ninaoupendekeza ni wa kupokezana damu. Anza na chotara wa nusu, mama akiwa Mpwapwa, Sahiwal au zebu mwenye kiwele kizuri, baba akiwa wa Ulaya. Binti huyo mhimilishe kwa Jersey au Ayrshire. Mtoto wake atakuwa na robo tatu ya damu ya kigeni. Usiendelee kupanda. Huyo wa robo tatu mpe mbegu ya Sahiwal au Mpwapwa, na mtoto atashuka hadi sehemu tatu za nane. Kizazi kinachofuata rudi kwa dume wa Ulaya, utapata sehemu kumi na moja za kumi na sita, yaani karibu asilimia 69. Ukipokezana hivyo vizazi vyako vitacheza kati ya theluthi moja na theluthi mbili, na hutatoka nje ya mahali ambapo ng'ombe bado anaweza kupumua.

Nasema Jersey au Ayrshire kabla ya Friesian kwa sababu ya mwili. Friesian mkubwa hufika kilo 600; Jersey wa kilo 380 anahitaji chakula pungufu kwa ajili ya kuishi tu, siku ile ambayo hatoi tone. Katika ukame wa miezi saba, chakula cha kuishi tu ndicho kinachommaliza mfugaji. Jersey pia hustahimili joto kuliko Friesian na maziwa yake yana mafuta mengi, jambo zuri kwa anayeuza mtindi mjini. Mbegu ya Sahiwal inapatikana pia upande wa Kenya, ambako kundi la Sahiwal la Naivasha limetunzwa kwa uteuzi tangu miaka ya 1960.

Kusoma katalogi ya madume

Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kiko Usa River, Arusha, na kina kituo cha kanda hapa Dodoma. Mhimilishaji anapokuja na tanki lake la nitrojeni, usimwambie "weka yoyote ya Friesian". Muulize jina na namba ya dume, iandike, kisha uliza karatasi ya sifa zake. Kwenye katalogi za Marekani macho yote huenda kwenye namba ya maziwa. Wewe tafuta vifupisho vitatu vingine. PL ni miezi ambayo mabinti wa dume hukaa kwenye uzalishaji zaidi ya wastani wa aina yao. Marekani walianza kuipima rasmi mwaka 1994. DPR ni wepesi wa mabinti kushika mimba, na kila pointi moja ni kama siku nne pungufu za kukaa bila mimba. SCS ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri, na ikivuka 3 mwache dume huyo. Katalogi nyingi za Ulaya huweka 100 kuwa wastani, kwa hiyo tafuta walio juu ya 100 kwa afya ya kiwele na uzazi. Wanorwe walianza kuhesabu afya na uzazi katika kuchagua madume tangu miaka ya 1970, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zinashindania ndoo, na ng'ombe wao mwekundu anatafutwa leo kwa sababu hiyo hiyo.

Angalia pia wepesi wa kuzaa. Mtamba mdogo wa kwetu akipewa mbegu ya dume mwenye ndama wakubwa, unaweza kumpoteza mama siku ya kuzaa na hesabu yote ya miaka saba ikaishia hapo.

Lakini kumbuka mabinti wa dume wa katalogi ya Marekani wanaishi kwenye banda lenye feni huko Wisconsin. Mpangilio wa madume unaweza kubadilika mabinti wao wakipelekwa Hombolo. Ndiyo thamani ya kazi iliyofanywa nchini kuanzia katikati ya miaka ya 2010 na mradi wa ADGG, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ya Nairobi pamoja na taasisi zetu: ng'ombe wa wafugaji wadogo waliwekewa hereni za namba, maziwa yao yakapimwa kila mwezi, ili madume wachaguliwe kwa kazi ya mabinti wanaokula mabua na kuumwa na kupe wa hapa. Mhimilishaji akikuambia ana mbegu ya dume aliyechaguliwa kwa takwimu za nchini, mpe nafasi ya kwanza hata kama picha yake haivutii.

Usitumie dume mmoja kwa ng'ombe wote, na usimrudishie binti damu ya baba yake. Kijiji chenye dume mmoja wa kuazimana kwa miaka sita kimeshaoza kizazi bila kujua. Hata wakubwa wameumia. Pawnee Farm Arlinda Chief, dume wa Kimarekani aliyezaliwa 1962, alipata mabinti zaidi ya 16,000 kwa kuwa damu yake ilileta maziwa. Alikuwa pia na kasoro moja iliyofichika. Damu yake ilipokutana pande zote mbili, mimba ziliharibika. Watafiti walikuja kukadiria mimba kama nusu milioni duniani zilipotea hivyo. Kwa kundi dogo, andika baba wa kila ndama ukutani kama daftari halipo. Inatosha.

Mtazame kwa karibu

Uteuzi wa upande wa mama unafanyika zizini, kwa macho. Simama nyuma ya ng'ombe kabla ya kukamuliwa, kiwele kikiwa kimejaa. Sakafu ya kiwele isishuke chini ya usawa wa goti la mguu wa nyuma. Katikati uone mfereji unaogawa kulia na kushoto; huo ni mshipi unaokishikilia kiwele, na ukilegea kwenye uzao wa pili, kwenye uzao wa nne chuchu zitaburuta matope. Sasa nenda ubavuni. Kiwele cha mbele kiungane na tumbo taratibu, bila kuning'inia kama kimebandikwa. Chuchu zielekee chini, ziwe za urefu wa kushikika kwa vidole vinne, zisiwe nene. Chuchu inayovuja kabla ya kukamuliwa ni mlango ulio wazi kwa vijidudu. Sifa hizi za kiwele hurithiwa vizuri kuliko maisha marefu yenyewe, na ni rahisi kuonekana, kwa hiyo mfugaji anayechagua kwa kiwele anachagua umri bila kusubiri miaka kumi.

Halafu mtembeze mahali pakavu na tambarare. Kwato ya nyuma ikanyage pale ya mbele ilipotoka. Mguu wa nyuma ulionyooka kama nguzo utaumia kwenye sakafu ya saruji; uliopinda kupita kiasi utalemea kisigino. Mfupa wa nyonga uwe juu kidogo kuliko mfupa wa makalio, ili uchafu utoke baada ya kuzaa.

Kipimo cha mwisho fanya saa nane mchana, Oktoba au Novemba. Ng'ombe wako wawe kwenye kivuli kimoja, wametulia. Hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Chini ya pumzi 60 kwa dakika anamudu. Akivuka 80 mdomo ukiwa wazi na mate yanatoka, mwili wake unapigania uhai na mimba haiwezi kukaa humo. Rudia kwa siku kadhaa na uandike. Utakuta wawili wanaokula chakula kimoja wakitofautiana sana, na mara nyingi yule mwenye manyoya mafupi yanayong'aa ndiye anayepumua taratibu. Huyo ndiye wa kumtolea mtamba wa kubaki.

Hapa niongeze jambo ambalo wauzaji hawalipendi: usinunue jike wa maziwa mnadani. Mnada wa Msalato ni mahali pazuri pa kuuza maksai na kununua mbuzi. Jike wa maziwa anayefikishwa pale kwa kawaida ana sababu, na sababu hiyo hutaiona hadi umfikishe nyumbani. Nunua shambani, kwa mtu ambaye mama wa mtamba bado yuko zizini kwake na unaweza kumtazama.

Miaka miwili ya kwanza

Umri mrefu unajengwa utotoni. Ndama apate dang'a ndani ya saa chache za kwanza, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku hiyo, na kitovu kipakwe iodini. Asiyepata dang'a anaweza kupona, lakini hubaki nyuma na kuugua ugua. Chanjo ya ndigana kali hupigwa mara moja katika maisha, vimelea hai vikiambatana na dawa ya oksitetrasaiklini, na mnyama huwekewa hereni. Kwa ng'ombe wenye damu ya kigeni naihesabu kuwa sehemu ya bei ya ndama. Chanjo haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu, kwa hiyo kuogesha kuendelee. Jike mwenye umri wa miezi mitatu hadi minane achanjwe dhidi ya ugonjwa wa kutupa mimba. Miaka ya mvua kubwa sikiliza matangazo ya homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2007 uliupiga mkoa wa Dodoma kuliko mingine nchini, na walioshika mimba zilizotupwa kwa mikono mitupu waliugua.

Mtamba apandishwe kwa uzito, siyo kwa umri. Subiri afike asilimia 60 ya uzito wa ukubwani. Kwa chotara wa kilo 400 ni kilo 240. Kama hakuna mizani, pima mzingo wa kifua nyuma ya bega na urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mwenye mzingo wa 145 na urefu wa 128 ana kama kilo 248, yuko tayari.

Panga mimba kwa kalenda ya mvua. Ng'ombe aliyepandishwa Machi anazaa Desemba, majani yanapoota. Wa Julai anazaa Aprili, ghala likiwa limejaa. Kati ya Machi na Julai hali ya hewa ni nzuri na mwili una akiba, mimba hushika. Wanaopandishwa Oktoba hurudia rudia. Maziwa ya ukame yana bei, najua, na tangu serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016 wanunuzi wameongezeka. Lakini kumlazimisha ng'ombe azae Septemba bila ghala ni kuiuza miaka yake ya mbele. Anayehitaji dume asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Chotara wenye damu ya zebu huonyesha dalili kwa saa chache, mara nyingi usiku, hivyo pita zizini kabla ya kulala.

Ghala nalo lina hesabu yake. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 210 za ukame ni kilo 2,520, sawa na marobota 168 ya kilo 15. Kama huna marobota hayo kufikia Juni, punguza ng'ombe Juni. Nyasi za Cenchrus, zilizotafitiwa kwa miaka mingi Kongwa, huvunwa vizuri zikianza kutoa masuke. Mabua ya mtama na uwele yakatwe mafupi. Mashudu ya alizeti hayakosekani mkoani. Maji yasipungue lita 60 kwa siku kwa anayekamuliwa. Na siku 60 kabla ya kuzaa mkaushe, kila chuchu ikiwekewa dawa ya kukaushia. Mfugaji anayekamua hadi wiki ya mwisho anaiba kutoka uzao unaofuata.

Usimhukumu mtamba, na ujue siku ya kumwachia

Daftari lako liwe na mambo haya kwa kila ng'ombe: baba, mama, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za kuzaa, tarehe za kuhimilishwa na jina la dume, magonjwa. Maziwa pima siku moja kwa mwezi, asubuhi na jioni, zidisha kwa 30. Mwisho wa kila uzao jumlisha yote tangu mwanzo, gawanya kwa siku alizoishi. Namba hiyo ndiyo iamue mitamba wa nani wabaki.

Kwenye uzao wa kwanza ng'ombe hutoa kama robo tatu tu ya uwezo wake. Kilele huja uzao wa nne au wa tano. Kumuuza mtamba kwa sababu ametoa lita saba mama yake akitoa kumi ni haraka isiyo na faida. Muuze akikataa mimba bila sababu inayotibika, au kiwele kikiumwa tena na tena. Huko Ontario, Kanada, ng'ombe aitwaye Gillette E Smurf aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2012 kwa kilo 216,891 za maziwa maishani. Alikuwa na miaka 15. Hatutafika huko na hatuhitaji, lakini hakuna ndoo ya siku moja inayoweza kukufikisha kwenye jumla kama ile.

Ng'ombe wako akifika miaka 11 au 12, mtazame Aprili na daktari ampime mimba. Kama ana mimba, meno yanatafuna na kiwele ni kizima, aendelee. Mbegu yake sasa iwe ya dume bora kuliko wote unaoweza kuwalipia, kwa kuwa damu hiyo imeshathibitishwa na miaka. Kama hana mimba, au anaacha makapi mengi horini, muuze Mei au mwanzo wa Juni, akiwa bado na nyama ya masika mwilini. Ukisubiri hadi Oktoba, kila mwenye ng'ombe dhaifu atakuwa Msalato siku hiyo hiyo, bei itakuwa imeanguka, na atakuwa amekula karibu marobota mia moja ambayo binti yake mwenye mimba alikuwa anayahitaji.